Fundo la Mgongoni

Nchi iitwayo Mgongoni haimo katika ramani yoyote niliyosomeshwa. Njia ya kuifikia sitaieleza, kwa sababu sijakutana na mtu aliyefika huko kwa kuulizia. Wengi hujikuta wamekwisha ingia. Nitaeleza sheria zake, maofisa wake, na siku thelathini nilizokaa humo pamoja na mke wangu, Perpetua, ambaye wakati huo alikuwa katika mwaka wa nne wa ugonjwa wa kusahau.

Jina langu ni Kasiani. Nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na sita. Nilisoma masomo ya jioni hadi nikapata cheti, na maishani mwangu sijamwomba mtu anishikie hata mwavuli. Nalitaja hili ili ieleweke kwa nini tulikwenda.

Binti yetu, Yovita, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Asubuhi moja alinikuta nimelala kifudifudi mezani, kijiko cha uji kikiwa bado mkononi, na mama yake amesimama uani na kiatu kimoja.

"Baba, utaanguka," akasema. "Niachie mama walau siku moja kwa wiki."

"Mimi na mama yako tunatoshana."

"Hata kuoga hujaoga, baba."

Nikamwambia aende kwake akaangalie watoto wake. Nilikuwa nimesikia kwamba iko nchi ambako kumtunza mgonjwa wa namna hii ni heshima inayotambuliwa na sheria, na mtunzaji hupimwa akapewa cheo. Nikaona bora nikapimwe huko, nirudi na hati, niiweke mezani mbele ya Yovita bila kusema neno.

Langoni mwa Mgongoni tulifika tumeshikana mikono, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

"Mbona huyu anatembea?" akauliza ofisa wa lango.

"Ana miguu," nikasema.

"Miguu tunaiona. Kumbukumbu je?"

"Imepungua."

"Na wewe unamwacha anakanyaga chini! Mzee, unataka watu waseme humpendi?"

Akanisomea sheria, nami naiandika kama nilivyoisikia. Kila aliyepotewa na kumbukumbu atabebwa mgongoni na mtu mmoja wa damu yake au wa ndoa yake. Hatatuliwa chini. Hatapokewa na mtu mwingine. Mbebaji atafungwa mbeleko ya serikali, na fundo lake litapigwa muhuri wa lakiri, ile nta ya kufungia barua. Ubaoni juu ya lango sheria hiyo ilikuwa imefupishwa: MGONJWA MMOJA, MGONGO MMOJA. Herufi zilikuwa zimepangwa vizuri, na nikasema hivyo.

"Fundo hufunguliwa na nani?" nikauliza.

"Waosha maiti."

"Wakati wa maiti ya nani?"

"Hilo haliko katika idara yangu," akasema.

Mgeni, hata hivyo, hupewa mbeleko ya wageni yenye fundo la kawaida, na muda wa siku thelathini. Zikiisha, ama apigwe muhuri awe mwananchi, ama atoke. Nikainama, wakampandisha Perpetua mgongoni kwangu. Hakukataa. Alinishika shingo akaniuliza kwa furaha, "Anselmi, tunakwenda wapi?" Anselmi alikuwa kaka yake, aliyekuwa akimbeba hivyo alipokuwa mtoto.

"Mimi ni Kasiani," nikamwambia. "Anselmi alikufa."

Akaanza kulia. Ofisa wa lango akaandika katika daftari lake kwamba mgeni anasema kweli.

Watu wa Mgongoni wakisalimiana hawaulizani habari. Mmoja husema, "Bado?" na mwenzake hujibu kwa kujikaza, "Bado!" Maana yake bado amebeba, na bado amesimama. Perpetua aliipenda salamu hiyo kuliko kitu chochote cha nchi ile. Juu ya mgongo wangu aliwatangulia wapita njia, "Bado? Bado?" nao wakamjibu wakicheka, na kwa siku mbili tatu nilijiona nimempeleka mahali pazuri.

Neno "nimechoka" halitamkwi. Mwananchi akilitamka hunyang'anywa cheo na jina lake hufutwa; mgeni hutolewa nje. Shuleni watoto hufundishwa kusema badala yake, "Nimejaa upendo." Nilimwona mwanamke kisimani, mama yake mgongoni, ameegemeza paji la uso ukutani, akiwaambia wenzake, "Jamani, leo nimejaa upendo mpaka magoti yananitetemeka." Wenzake wakamwambia Mungu amzidishie.

Siku ya tatu alikuja Mkaguzi wa Migongo, Bwana Mahimbo. Alikuwa mtu safi, mwenye kola ngumu na mgongo ulionyooka kama rula. Alishika timazi, ile kamba yenye risasi wanayotumia waashi, akaiweka kisogoni kwangu na kuangalia risasi inaangukia umbali gani na visigino.

"Vidole viwili," akasema. "Kwa mgeni, si haba."

Kwa vipimo hivyo ndivyo vyeo hutolewa: Mgongo wa Tatu, wa Pili, wa Kwanza, na cha juu kabisa, Mgongo wa Taifa, ambaye jina lake huchongwa katika ukuta wa marumaru. Aliyepinda zaidi ndiye apendaye zaidi. Nilimuuliza kama hakuna namna nyingine ya kupima upendo, akanijibu kwamba zilijaribiwa nyingi lakini hazikuingia katika fomu.

Lazima nikiri kwamba vipimo vile vilinipendeza. Nyumbani nilikuwa nimebeba miaka minne bila mtu kuniwekea hata alama ya vema. Bwana Mahimbo alipokuja mara ya pili, nilipomwona bado yuko mbali, niliinama kidogo zaidi.

"Vidole vitatu!" akasema. "Mzee, endelea hivyo hivyo."

Yupo pia Afisa Pongezi. Huyu hupita kila Jumanne nyumba kwa nyumba. Husimama mlangoni, husoma kutoka katika karatasi kwamba wewe ni shujaa na taifa linakuona, kisha hukutaka utie sahihi kwamba umepongezwa. Siku moja nilikuwa nimeshika bakuli la uji mkono mmoja, na kamba ya kiatu changu imefunguka.

"Mama, nishikie bakuli hili nifunge kiatu."

Akaitazama mikono yake. "Mzee, mimi ni wa pongezi. Vyombo ni idara nyingine."

"Idara ipi?"

"Haijaundwa," akasema, akanipa kalamu nitie sahihi.

Jirani yangu aliitwa Bwana Tindwa. Alimbeba kaka yake mkubwa, aliyekuwa zamani mwalimu wa hesabu, na alikuwa Mgongo wa Pili. Kwake niliona desturi iitwayo Siku ya Ndugu. Ndugu wote wa mgonjwa huja Jumapili, hukaa vitini, na humtazama. Mbebaji huwapikia chai, amesimama.

"Kaka amekonda," alisema dada yao. "Unampa nini?"

"Uji, ndizi, samaki nikipata," Tindwa akajibu.

"Mpe parachichi."

"Tena umemshusha sana," akasema shemeji yao akila andazi. "Mpandishe kidogo. Hivyo anaumia kiuno."

"Kama tungekuwa na nafasi tungembeba sisi," akasema dada. "Lakini migongo yetu unaijua." Walipoondoka walimshika Tindwa bega mmoja mmoja, wakamwambia, "Ukihitaji chochote, sema."

Nilimuuliza kama amewahi kusema.

"Mara moja," akajibu. "Nikataja Alhamisi. Tangu siku hiyo, Alhamisi zote wana msiba."

Nilitaka pia kuliona Baraza la nchi hiyo, lakini mlango wake ni mwembamba na hauwapitishi watu wawili, aliyebeba na aliyebebwa. Nikasikiliza dirishani. Walikuwa wanajadili, kwa mwaka wa kumi na moja, kama mbebaji anayeegemea ukuta amemtua mgonjwa au hajamtua. Chama cha Wima walisema ukuta ni sehemu ya ardhi, kwa hiyo amemtua. Chama cha Kuegemea walisema ukuta umesimama, na kilichosimama hakiwezi kuwa chini. Mjumbe mmoja mgeni katika Baraza akainuka akauliza ni nani kati ya wajumbe aliyewahi kubeba.  Kisha mwenyekiti akamwambia aondoe swali hilo, kwa kuwa linawadhalilisha wabebaji wasiokuwepo kujitetea.

Mimi nilikuwepo, chini ya dirisha, nimeegemea ukuta.

Kufikia siku ya kumi na nane, vidole vilikuwa vinne na nusu. Nilikuwa nasahau mambo. Niliweka chumvi mara mbili katika maharage, kisha nikasahau maharage yenyewe. Nilianza kuchukia vitu vidogo: sauti ya Perpetua akimeza, vidole vyake vikicheza na sikio langu, na swali lake. Swali lilikuwa moja. "Twende nyumbani, mama ananisubiri." Nami kila mara nilimsahihisha, kama ninavyosahihisha maandishi. "Mama yako alifariki kabla Yovita hajazaliwa." Naye kila mara aliipokea habari hiyo kama ndiyo imefika leo.

Mchana wa siku ya kumi na tisa nilikuwa namlisha kwa kugeuza mkono nyuma ya bega, kama wafanyavyo wabebaji. Alitema uji shingoni mwangu. Nikajaza kijiko tena, akatema tena, akasema mama anamsubiri. Nikaushika mkono wake uliokuwa umenizunguka, nikaubana. Sikuubana kidogo. Niliubana nikitaka aumie, na niliendelea kuubana baada ya kujua kwamba anaumia.  Nilipouachia, alama za vidole vyangu vinne zilikuwa juu ya ngozi yake, zimepangika kama herufi.

Tindwa aliona mkono ule jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa.  Asubuhi iliyofuata aliniambia, "Tuna nguo za kufua. Twende kwa dobi."

Dobi huyo aliitwa Bi Kandida, mwanamke mnene wa miaka kama sitini, na uani kwake kulikuwa na kamba nyingi zenye mashuka, safu nyuma ya safu. Tulipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma ya safu ya nne niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nifike: watu wamekaa.

Walikuwa wabebaji saba. Mmoja amelala chali kwenye mkeka, anakoroma. Wawili wanacheza bao. Mbeleko zao zilikuwa zimening'inia kwenye misumari, kila moja na fundo lake na muhuri wake mzima. Wagonjwa wao walikuwa upande wa pili, kivulini, wamesimama kwa miguu yao wenyewe. Mmoja anakunja foronya, mwingine anatenganisha vifungo vyeupe na vyeusi, na wabebaji wawili wako pamoja nao.

"Muhuri haujavunjwa," nikasema.

"Kwa nini tuuvunje?" akasema Bi Kandida. "Inua mikono, vuta pumzi, toka kwa chini kama unavua fulana. Sheria inasema fundo lisifunguliwe. Haikusema mtu asitoke. Ya kutotua ipo, lakini mkaguzi hukagua fundo tu."

"Na muda?"

"Shuka moja. Nikianika lako, unapumzika mpaka likauke, wenzako wawili wanaangalia. Kesho kutwa unaangalia wewe. Masika mashuka hayakauki upesi, basi masika sisi tunanenepa."

Wabebaji wakacheka, na yule aliyekuwa anakoroma akacheka naye bila kufumbua macho.

Nikasema asante, lakini mimi sijachoka, mimi na mke wangu tunatoshana.  Bi Kandida alimtoa Perpetua mgongoni kwangu, akamshika ule mkono, akautazama, akashusha mkono wa gauni juu yake taratibu.

"Mimi wangu nilimpiga na upawa," akasema. "Mama yangu mzazi. Kwa sababu ya chai. Keti, mzee."

Nikaketi. Sikumbuki nilivyoketi.

Perpetua alipewa foronya akunje. Aliikunja kwa pembe, vibaya, akaikunjua, akaikunja tena. Kutoka mkekani nikamwambia, "Si hivyo, mama. Kingo kwa kingo."

"Foronya hiyo inakuuma wapi, mzee?" akauliza Bi Kandida.

"Ameikosea."

"Na akiikosea mpaka saa saba, nani atakufa?"

Baadaye Perpetua akasema anataka kwenda nyumbani, mama yake anamsubiri. Nikafungua mdomo. Tindwa, aliyekuwa zamu, akawahi. "Mama yako leo anapika nini?"

"Kisamvu," akasema Perpetua.

"Cha nazi?"

"Cha karanga! Nazi tutaitoa wapi, wewe?" Akaendelea kumweleza, na mikono yake ikaanza kutwanga hewani, na akacheka. Mama yake alikuwa amekufa miaka arobaini na mbili, na kwa miaka minne nilikuwa nimemzika upya kila siku kwa sababu nilitaka tarehe ziwe sahihi. Nililala. Nilipoamka, shuka langu lilikuwa limekauka na mtu alikuwa amelikunja chini ya kichwa changu.

Msomaji atadhani nilibadilika hapo. Sikubadilika. Nilikwenda kwa Bi Kandida mara nne, na kila niliporudi niliona aibu kama mtu aliyeiba. Bwana Mahimbo alikuwa ameniambia kwamba nikifika vidole vitano nitakuwa mgeni wa kwanza kuwa Mgongo wa Taifa. Siku ya ishirini na nane nilifika vidole vitano. Akanipa mkono, akaniambia niende nikaone jina langu lilivyochorwa kwa chaki ukutani, ili mchongaji asije akakosea tahajia.

Ndiyo sababu iliyonipeleka ukutani. Nilikwenda kusahihisha.

Jina langu lilikuwa sahihi. Kwa mazoea ya kazi nikasoma na mengine, kutoka juu hadi chini. Kila jina lilikuwa na tarehe mbili: ya kufungwa fundo, na ya kuanguka. Kati ya tarehe hizo ilikuwa miaka mitatu, minne, mara chache sita. Nilihesabu majina hamsini na nane kabla sijaona kilichokosekana. Hapakuwa na jina hata moja la mgonjwa.

"Hawa waliobebwa," nikamuuliza Bwana Mahimbo, "walikufa lini?"

"Nani amesema wamekufa?"

"Wako wapi?"

"Nyuma," akasema, kana kwamba nimeuliza choo.

Nyuma ya ukuta wa marumaru kuna jengo refu lisilo na maandishi. Wenyeji huliita Nyumba ya Waliobaki. Mlango wake ni mpana. Hata mimi na Perpetua tulipita. Ndani kuna mabenchi, na mabenchini walikuwa wamekaa watu kama arobaini, miguu yao imekuwa myembamba kama fito kwa kutokanyaga chini miaka mingi. Mhudumu mmoja alipita kati yao na ndoo. Hakumwita mtu kwa jina, kwa sababu majina yao hayakuandikwa popote. Walikuwa wamenyoosha mikono yao mbele, wote, imepinda viwikoni. Ilinichukua muda kuelewa. Walikuwa wameshika shingo ambazo hazipo.

"Bado?" Perpetua akawaita kutoka mgongoni kwangu, kwa sauti yake ya furaha. "Bado?"

Bibi mmoja mwishoni mwa benchi akageuza kichwa. "Bado," akajibu.

"Kwa nini asiwepo mtu mwingine wa kuwapokea?" nikamuuliza Bwana Mahimbo tulipotoka.

"Mgonjwa mmoja, mgongo mmoja, mzee. Mgongo wao umekwisha."

"Mngewapokea kabla haujakwisha."

Alinitazama kwa subira, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi mkubwa kwa umri. "Basi ukutani tungeandika nini?"

Siku ya thelathini ilifanyika sherehe. Uwanja ulijaa wabebaji waliosimama. Afisa Pongezi alisoma karatasi yake. Wajumbe wa Baraza walikaa mbele, vitini. Lakiri ilikuwa inayeyuka katika kikombe, na mbeleko ya serikali ilikuwa imetandazwa, nyeupe, nzuri. Sitaficha kwamba niliitamani. Jina langu lilikuwa ukutani, na maishani mwangu nilikuwa nimepanga maelfu ya majina ya watu wengine.

Desturi ni kwamba mkaguzi humuuliza mtahiniwa swali moja, naye hujibu mara tatu, "Nimejaa upendo."

"Kasiani," akasema Bwana Mahimbo kwa sauti ya uwanja mzima. "Umechoka?"

Perpetua alikuwa ameegemeza shavu kisogoni kwangu. Nilihisi mikono yake shingoni. Nilifikiri mikono hiyo ikibaki imeshika hewa, katika benchi lile, na hakuna anayejua kwamba anapenda kisamvu cha karanga. Nikafungua mdomo nijibu nilivyojiandaa.

"Nimechoka," nikasema.

Bwana Mahimbo alidhani hakusikia. "Umesemaje?"

"Nimechoka. Nimechoka tangu mwaka wa pili. Juzi juzi nilimuumiza mke wangu, na nitamuumiza tena nikifungwa fundo hili. Nataka nimtue."

 Kisha kutoka nyuma kabisa mzee mmoja mwenye masikio mazito akauliza, "Amesema nini?"

"Amesema amechoka," akajibu aliye karibu yake.

"Amesema amechoka?" akauliza wa pembeni.

"Ndiyo. Kachoka."

Habari ikaanza kusafiri uwanjani, mdomo kwa mdomo, na kila mmoja aliyeisema aliisema taratibu zaidi kuliko iliyohitajika. Amechoka. Amesema amechoka. Yule mwanamke wa kisimani aliisema mara tatu, kwa mtu yule yule. Bwana Mahimbo alikimbia huku na huku, lakini hakuwa na la kumshtaki mtu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaripoti tu maneno ya mgeni. Katikati ya watu nilimwona Tindwa. Aliinua mikono juu, akavuta pumzi, akatoka kwa chini, akaketi ardhini, na kaka yake akaketi kando yake. Sikuona waliofuata, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kushikwa mikono.

Walifuta jina langu kwa kitambaa cha maji. Ilikuwa chaki tu. Langoni wakanivua mbeleko ya wageni, na Perpetua akasimama kwa miguu yake, akayumba, akanishika mkono. Mwendo wetu ulikuwa wa polepole sana. Aliniita Anselmi. Nikamwambia, "Naam, dada."

Yovita alifungua mlango wake akatukuta tumesimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, kwa mpangilio. Nikasema moja tu.

"Jumatano. Kuanzia saa tatu asubuhi."

Alinitazama sana. "Mpaka saa ngapi, baba?"

"Mpaka shuka likauke."

"Shuka gani?"

Nikamweleza. Hakucheka. Jumatano alianika shuka uani kwake, nami nikatoka. Nilizunguka nyumba, nikachungulia juu ya ua.

"Baba, nakuona," akasema Yovita. "Nenda."

Nikaenda kwa kinyozi. Alipomaliza kuninyoa nilikuwa nimelala kitini, na wateja wake wawili, nasikia, walikubali kungoja nje. Kisha nilikaa kwenye benchi la parokia nikasoma gazeti lote, hata matangazo, na sikusahihisha kitu. Nilikunywa chai moja kwa utulivu, ikiwa bado ya moto. Kilikuwa kitu kidogo. Nilikuwa nimekisahau kabisa.

Niliporudi nilishika pindo la shuka. Lilikuwa limekauka. Perpetua alikuwa amekaa kwenye benchi la uani, foronya mapajani, anaikunja kwa pembe. Ule mkono wake nilioubana ulikuwa wazi, na alama zilikuwa zimekwisha potea, ingawa mimi najua zilipokuwa. Aliinua macho, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni anayempenda.

"Bado?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilitua kidogo."

Akasogea, akanipa nafasi benchini. Kisha akanikabidhi ncha moja ya foronya, na tukaikunja, kwa pembe, kama anavyotaka yeye.